"Punguza mawazo": kwa vipi, na mawazo yapi?

Ndugu Mhariri,

Hakuna ushauri unaotolewa bure na kwa wingi kama huu wa "punguza mawazo". Mwenye presha huambiwa hivyo akichukua dawa dirishani, mwenye vidonda vya tumbo huambiwa hivyo, mjane huambiwa hivyo hata arobaini haijaisha, na kondakta aliyetoka kugombana na abiria naye huambiwa hivyohivyo. Sisi tunaoandika ni wauguzi na washauri nasaha, na watu wenye mawazo ndiyo kazi yetu ya kutwa. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba ushauri huo, ukitolewa mzimamzima kwa kila mtu, haumfikishi mgonjwa popote. Miili haifanani inapobanwa. Mmoja hufoka, mwingine huharisha, wa tatu hukesha akihesabu mabati, wa nne hunyamaza na majirani wakamsifu kwa uvumilivu.

Mwanzo wa safari ni mmoja kwa wote. Ubongo ukiona hatari, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache: moyo huongeza mwendo, pumzi hufupika, mate hukauka, damu hupungua tumboni ikaenda kwenye misuli. Nyuma yake hufuata homoni nyingine, kortisoli, ambayo hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio na kuuweka mwili katika tahadhari ya muda mrefu zaidi. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza maandalizi hayo mwaka 1915 kuwa ya kupigana au kukimbia. Tabu ni kwamba mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo huwezi kumpiga, wala huna pa kumkimbilia.

Tofauti huanzia kwenye maswali mawili ambayo mtu hujiuliza bila hata kujua kwamba anajiuliza: hili linanitishia nini, na mimi nina nini cha kulikabili? Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman waliandika juu ya maswali hayo mwaka 1984, na mpaka leo hakuna njia rahisi zaidi ya kueleza kwa nini deni moja humlaza mtu hoi na mwenzake analibeba. Chukua mama ntilie wawili waliokopa ile mikopo inayoitwa kausha damu, marejesho kila siku jioni. Wa kwanza ameandika hesabu kwenye daftari, mumewe anajua, dada yake ameahidi kumshika mkono siku biashara ikilala. Wa pili amekopa kwa siri. Yeye ana mizigo miwili, deni na siri, na wa siri ndio unaomwamsha saa kumi alfajiri moyo ukienda mbio. Ukimwambia huyu apunguze mawazo humwongezei kitu. Jambo la kwanza la kumsaidia ni kupata mtu mmoja wa kumwambia, na la pili ni kumuuliza kama aliyemkopesha ana leseni, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 huwezi tu kufungua meza ukaanza kukopesha.

Hapa tuseme neno juu ya vikundi. Tumezoea kusifu vikoba kwamba wanawake wanafarijiana, na ni kweli. Utafiti wa Shelley Taylor na wenzake wa mwaka 2000 ulieleza kwamba wanawake wengi wakibanwa huelekea kutunza watoto na kusogea karibu na wenzao zaidi ya kugombana au kukimbia. Lakini kikundi cha mikopo kina sura mbili. Wale wale wa kukufariji ndio wadhamini wako, na siku ukikosa rejesho ndio watakaokuja kubeba sofa. Mwanamke anayewakwepa wenzake wa kikundi hana kiburi. Amepoteza kwa mkupuo faraja yake na heshima yake. Mshauri asiyeuliza hilo atamwambia "kaa na wenzako mzungumze", naye ataitikia kwa adabu na hatarudi tena.

Jambo lingine linalotenganisha watu ni usukani uko kwa nani. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa kwa watumishi wa serikali huko London, ambao Michael Marmot alijulikana nao, ulionyesha kwamba waliokuwa na vyeo vya chini walipata magonjwa ya moyo zaidi ya mabosi wao, na sehemu ya sababu ilikuwa kutokuwa na kauli juu ya kazi yao wenyewe. Robert Karasek alikuwa ameligusa jambo hilo mwaka 1979: kazi inayoumiza ni ile inayodai mengi huku ikikunyima uamuzi. Tazama dereva wa daladala. Hesabu ya siku imepangwa na tajiri, nauli imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, foleni haina mwenyewe. Kilichobaki mikononi mwake ni honi. Ndiyo maana anaipiga.

Sasa tuje kwenye miili, mmoja mmoja.

Kuna ambao mawazo huwashika kifuani. Mtu huyu huanza kuhema haraka bila kujijua, pengine mara 25 kwa dakika au zaidi, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20. Hewa ya ukaa humtoka kuliko inavyotengenezwa, kemia ya damu hubadilika, na hapo ndipo midomo na vidole hufa ganzi, kichwa huwa chepesi, mikono ikakakamaa kama makucha. Nyumba nzima hupiga kelele: amepooza! Wengine: amepandisha! Naye akisikia hayo huzidi kuhema. Mkalishe, mgongo umeegemea, watu wapungue chumbani. Aweke mkono mmoja juu ya kitovu. Avute hewa kwa pua polepole mpaka hesabu ya nne, aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai mpaka hesabu ya sita. Hizo ni sekunde 10, yaani pumzi sita kwa dakika. Aendelee dakika tano.

Makosa ni yaleyale kila siku. La kwanza, anaambiwa "vuta pumzi ndefu!" akajaza kifua mpaka mabega yanapanda, kizunguzungu kikazidi; kinachotakiwa ni pumzi ya polepole, na uzito uwe kwenye kutoa. La pili, anafundishwa siku ya tukio. Zoezi hili hujifunzwa siku ambayo hujambo, asubuhi na jioni kwa wiki mbili hivi, ili siku ya shida mwili uwe unalijua. La tatu ni mfuko wa karatasi mdomoni, mambo ya filamu. Kama kumbe ni pumu au moyo, mfuko huo unaweza kumuua. Tena wapo ambao kutulia na kusikiliza pumzi huwaongezea hofu, kwa kuwa masikio yao yote yanahamia kwenye mapigo ya moyo. Hao usiwalazimishe. Watembeze kwa mwendo wa haraka dakika 10, au wakaze ngumi kwa sekunde tano kisha waachie kwa sekunde 15, wafanye vivyo hivyo kwa mabega, halafu kwa miguu.

Mwenye kufoka anahitaji kitu kingine kabisa. Hasira yake ina dalili kabla ya maneno: taya hubana, masikio huwa moto, sauti hupanda. Akizijua, atoke kabla hajajibu, na akae nje si chini ya dakika 20, maana mwili uliochemka haupoi kwa dakika mbili. Lakini aage. "Natoka kidogo, saa mbili na nusu narudi tumalize." Anayeondoka kimya ameonyesha dharau, na ugomvi atakaoukuta ni mkubwa kuliko aliouacha. Kosa la pili ni kutoka mwili huku kichwani anaendelea kupanga majibu; huyo atarudi na moto uleule. Na ile dhana kwamba hasira itolewe kwa kupiga mto au ukuta, majaribio ya Brad Bushman yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliikanusha: waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria mtu aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi ya waliokaa tu bila kufanya lolote.

Wa usiku ni wengi, hasa Januari, ada na kodi zikikutana mlango mmoja. Tunawapa daftari na saa. Kila siku jioni, tuseme saa moja kamili, dakika 15 za kuwaza kwa makusudi, kwenye kiti na si kitandani. Ukurasa unagawanywa kwa mstari: upande mmoja yale ambayo kesho naweza kuyafanyia kitu, upande wa pili yale ambayo siwezi. Upande wa kwanza kila jambo lazima liwe na kitendo na siku: "Jumanne nimpigie mwalimu mkuu niombe kulipa kwa awamu mbili." "Ada" peke yake haikubaliki, hiyo ni kuandika woga. Mawazo yakija saa nane usiku, anajiambia kwamba yana zamu yao saa moja jioni. Wiki ya kwanza karibu kila mtu huona ni upuuzi, na hapo ndipo wengi huacha.

Vitabu husema ukikosa usingizi kwa dakika 20 hivi utoke chumbani. Aliyeandika hivyo ana vyumba vingi. Kwa familia ya watu watano katika chumba kimoja, tunashauri akae tu ukingoni mwa kitanda, simu iwe mbali, arudi kulala usingizi ukija, na asubuhi aamke saa ileile hata kama amelala kwa saa mbili tu. Kulala mchana kufidia ndiko kunakouharibu usiku unaofuata. Na atazame anachokunywa: kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida huwa na kafeini kama miligramu 80, na kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu. Bodaboda anayekunywa makopo mawili saa kumi na moja jioni bado ana kopo zima mwilini saa nne usiku.

Kuhusu kula tutapita haraka. Wapo ambao chakula hakipiti, na wapo wasioacha kutafuna. Wa kwanza apewe kidogo kidogo mara nyingi, uji ukiwemo. Wa pili asiache kula mchana, kwa sababu njaa ya mchana ndiyo inayofungua sufuria saa nne usiku.

Tumbo linahitaji maneno zaidi, kwani hapa "mawazo" yamesingiziwa makosa ya wengine. Ni kweli mawazo huleta gesi, kiungulia na kuharisha. Vidonda vya tumbo vyenyewe, kwa walio wengi, vina chanzo kingine: bakteria wa Helicobacter pylori, ambao Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waliwatambua mwaka 1982 na wakapata Nobeli mwaka 2005. Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe ili aaminiwe. Chanzo cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hebu fuata mzunguko huu: mawazo yanaleta kichwa na mgongo kuuma, mtu ananunua diklofenaki duka la dawa, anaimeza tumbo tupu siku kumi mfululizo, tumbo linachubuka, anaambiwa ana vidonda kwa sababu ya mawazo. Apime kwa kipimo cha choo kikubwa au cha pumzi. Kile cha damu huendelea kuonyesha bakteria hata baada ya kupona. Kabla ya kupima awe hajatumia omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa wiki mbili wala antibiotiki kwa wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Akikutwa nao atapewa dawa kadhaa kwa pamoja, mara nyingi kwa siku 14, na azimalize. Anayeacha siku ya tano kwa kuwa maumivu yameisha anawafundisha bakteria usugu.

Kichwa nacho kina mtego wake. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuumwa kichwa na dawa zenyewe. Kwa zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini, siku 10 zinatosha. Diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ya kuomba kwa jirani hatuitaki kabisa. Wiki chache tu mwili unaizoea, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Presha ndiyo inayotuumiza roho. Neno "presha" katika Kiswahili chetu limebeba moyo kwenda mbio, hofu, kelele za watoto na shinikizo la damu, vyote kwa pamoja. Matokeo yake mtu mwenye 160 kwa 100 anaacha dawa kwa kuwa "siku hizi sina mawazo". Presha haipimwi kwa kujisikia. Shinikizo la damu hupanda na kukaa huko juu hata mtu akiwa anacheka. Upande wa pili, yupo aliyeshuka kwenye daladala akakimbilia foleni, akapimwa papo hapo akihojiwa jina na umri, akakutwa na 150 kwa 95 na kuanzishiwa hofu ya maisha. Apumzike kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, kahawa na sigara viwe mbali kwa dakika 30, na asizungumze. Apimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba, kwa hiyo akina mama wenye mikono mikubwa waombe mkanda mkubwa bila kuona haya. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha kweli na dawa yake haikatwi kwa furaha.

Mnyamavu tumemwacha mwisho kama anavyoachwa siku zote. Mara nyingi ni mwanaume. Hasemi ana mawazo. Anasema mgongo, anasema uchovu, anachelewa kurudi nyumbani, hamu ya tendo la ndoa imekwisha naye amenunua mizizi. Ukimuuliza "una nini?" atajibu "sina kitu". Muulize vitu vyenye namba: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, jana ulikula mara ngapi, mara ya mwisho kwenda kuangalia mpira na wenzako lini? Hayo anaweza kuyajibu bila kujiona amevuliwa nguo. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hana furaha na chochote, usingizi umevurugika na mwili umeisha nguvu, huyo amepita kwenye mawazo ya kawaida, apelekwe kituo cha afya. Akigusia kwamba afadhali asingekuwepo, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Asiachwe peke yake, na sumu ya panya na dawa za shamba ziondoke nyumbani siku hiyohiyo.

Kuna mengine ambayo hayasubiri ushauri nasaha: kifua kinachobana na kupeleka maumivu kwenye mkono au taya huku jasho linatoka, mdomo uliopinda au upande mmoja uliolegea, kinyesi cheusi kama lami. Na mtu aliyevuka miaka 40 akibanwa kifua kwa mara ya kwanza, asiambiwe ni mawazo mpaka apimwe moyo.

Wenye kusema nchi zetu hazina wataalamu wa kutosha wana hoja, ila watazame Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao bibi, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Walitumia dodoso la maswali 14 kwa Kishona na neno lao wenyewe, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi husikiliza mpaka matatizo yote yatoke, kisha mgonjwa mwenyewe huchagua moja tu, wanapanga hatua ndogo, naye hurudi kueleza ilikwendaje. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida. Kiti cha mbao na bibi mwenye subira havijawahi kukosekana huku kwetu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wa afya ukichapa tena habari za msongo wa mawazo, tafadhali uweke kisanduku chenye namna ya kupima presha kama tulivyoieleza hapa. Kwa wenzetu wa dirisha la dawa, kabla ya kusema "punguza mawazo", ongezeni maswali mawili: yanakushika wapi mwilini, na nani mwingine anayajua? Hayachukui hata dakika moja ya foleni.

Wenu katika kazi,
Wauguzi wawili na mshauri nasaha
Dar es Salaam